Midagu Yetu na Baridi ya Julai

Hotuba kwa wakazi wapenda mimea, South B, Nairobi, mwishoni mwa Mei

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu na vijana mliofika, hamjamboni nyote. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kukaa nasi. Waandaaji waliniomba nizungumzie maua ya nyumbani kwa jumla, nami nikawaomba waniruhusu nizungumzie mmea mmoja tu: mdagu, ambao wengi wenu mmeuzoea kwa jina la waridi la jangwani.

Nimeuchagua kwa sababu ya kalenda. Tuko mwisho wa Mei. Masika yanaaga, na wiki chache kutoka leo itaingia ile baridi yetu ya mawingu, kutwa nzima hatuoni jua, nayo itakaa hadi Agosti. Ni katika miezi hiyo midagu mingi ya Nairobi inapokufa, na wanaoiua ni watu wanaoipenda. Mtu anauona mmea umepukutisha majani, anadhani una kiu, anachukua jagi la maji. Nitakayosema leo yote yanazunguka jambo hilo. Mdagu una majira mawili, ya kula na ya kulala, na kazi yetu kubwa ni kujua uko katika majira gani kabla hatujaugusa.

Tuanze kwa kufahamiana nao. Wanabotania huuita Adenium obesum. Huko Pwani utausikia ukiitwa mdagu, na kwingine mwanja. Una kitako kinene kilichovimba juu ya udongo, matawi mafupi ya kijivu, na maua ya rangi ya waridi yenye petali tano, pembeni yamekolea na katikati yamepauka. Pamoja na jina lile la mtaani, hauna undugu wowote na waridi tunalouza Ulaya kutoka Naivasha. Ni wa ukoo mmoja na oleanda inayopandwa kandokando ya barabara, na undugu huo nitaurudia nikifika kwenye habari ya sumu.

Anayepita Mtito Andei akielekea Voi wakati wa kiangazi, atazame miamba na vichaka pande zote mbili. Nchi yote imekauka, rangi ni kijivu na kahawia tu, na katikati ya ukavu huo utaona kichaka kimejaa maua, hakina hata jani moja. Ndiye huyo. Utamkuta Tsavo, Taita, Kitui, Garissa, Samburu, Baringo mpaka Turkana. Nje ya mipaka yetu anaota katika ukanda wote mkavu kutoka Senegal hadi Uarabuni. Aliyempeleka kwenye vitabu vya sayansi ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa kuipa mimea majina ya kisayansi, aliyemkuta Yemen akiwa na msafara wa wataalamu uliotumwa na mfalme wa Denmark. Forsskål alifia huko huko Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa na mwenzake Carsten Niebuhr mwaka 1775. Jina Adenium linatokana na Aden, mji wa bandari huko Yemen. Nasema haya kwa sababu mara nyingi nasikia watu wakiuita mmea huu wa kigeni, wa kutoka Thailand. Thailand wameuchukua na kuuzalisha kwa ustadi mkubwa, nawapa heshima yao. Lakini mmea huu ni wa kwetu, ulikuwa Tsavo kabla reli haijafika.

Sasa, kwa nini unachanua bila majani? Mmea hupoteza maji yake mengi kupitia majani. Ukame ukikaza, mdagu unayaangusha yote, unabaki na maji uliyoyahifadhi kwenye kitako na mizizi, na kwa akiba hiyo hiyo unatoa maua. Mvua ikinyesha, majani yanarudi, unakula, unanenepa, unajaza akiba upya. Kwa hiyo jani kuanguka ni sehemu ya maisha yake ya kawaida. Ukilishika hilo, nusu ya hofu inakuondoka.

Shida yetu wakazi wa Nairobi ni kwamba majira yetu hayafanani na ya kwao. Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Garissa haifiki mita 200. Sisi hapa tuko kati ya mita 1,600 na 1,800, kutegemea mtaa wako. Kule kwao, ukavu unakuja pamoja na joto. Huku kwetu, wakati ambao mvua imepungua ndio wakati wa baridi. Usiku wa Julai joto linashuka hadi nyuzi 11 au 12, na kuna usiku linakwenda chini ya 10. Mdagu unafurahia nyuzi 25 hadi 35. Joto likishuka chini ya 15 mizizi inapunguza kunywa, na likikaribia 10 inalala kabisa. Maji utakayomwaga kwenye udongo uliopoa hivyo hayana wa kuyanywa. Yanakaa pale siku nenda siku rudi, na kuvu wanaoozesha mizizi hawahitaji zaidi ya hapo.

Naomba nikae kidogo kwenye habari ya jua, kwa sababu hapa ndipo naona wengi hatujaelezwa vizuri. Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Ulaya na Marekani, vinakwambia weka mmea dirisha la kusini. Ushauri huo ni wa kwao. Nairobi iko nyuzi 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta, na jua letu la mchana linahama. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba linapita upande wetu wa kaskazini. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Machi linapita kusini. Maana yake ni kwamba balkoni inayotazama kusini, ile iliyokuwa ikiunguza mwezi wa Januari, ikifika Juni haipati jua la moja kwa moja hata dakika moja. Na ya kaskazini ni kinyume chake: Juni inapata, Januari inakosa. Balkoni za mashariki na magharibi ndizo zenye uhakika, zinapata nusu siku mwaka mzima, na mimi nikiwa na uchaguzi nachukua ya magharibi, inayotazama upande wa Ngong, kwa kuwa asubuhi zetu za baridi zina mawingu na mara nyingi jua likijitokeza hujitokeza alasiri.

Kwa hiyo leo ukifika nyumbani, simama kwenye balkoni yako ujue inatazama wapi. Ikiwa ni kusini, mtafutie mdagu wako mahali pengine hadi Septemba. Unaweza kuwa na dirisha la chumba cha kulala upande wa pili. Jirani wa ng'ambo ya korido naye anaweza kukubali kukaa nao. Kama jengo lenu lina paa la kuanikia nguo, zungumza na msimamizi, lakini hapo juu hakikisha mmea una kitu cha kuukinga na manyunyu, maana manyunyu ya Julai yanaloanisha chungu polepole bila mtu kujua. Jambo moja la tahadhari: mmea uliozoea kivuli usiutoe ghafla ukauweka kwenye jua la saa saba. Ngozi ya kitako inaungua, na kovu lake halifutiki. Uzoeshe kwa wiki mbili, ukianza na jua la asubuhi.

Udongo. Tuna udongo wa aina mbili mashuhuri katika jiji hili. Kuna ule mwekundu wa Karen, Kabete na Kikuyu, mzuri mno kwa sukuma wiki na ndizi. Na kuna ule mweusi wa kuanzia huku kwetu kwenda Embakasi na Athi River, unaonata kwenye viatu mpaka unatembea umerefuka. Vyote viwili vinashika maji, na vyote viwili havifai kwa mdagu vikiwa peke yake. Mimi nachanganya hivi: sehemu 2 za mawe mepesi ya volkano yaliyovunjwavunjwa, yale yanayopatikana Longonot na Naivasha, sehemu 1 ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, na sehemu 1 ya mboji iliyooza kabisa. Mchanga wa Machakos au Kajiado unaouziwa wajenzi unafaa, ila uchekeche, tupa vumbi lile laini, kisha uoshe. Ukikosa mawe ya volkano, vunja matofali ya kuchoma hadi yawe saizi ya punje za mahindi, na uongeze vipande vya mkaa. Jaribio lake ni rahisi. Jaza chungu, mwaga kikombe cha maji juu. Yakituama juu badala ya kuzama na kutokea chini mara moja, huo mchanganyiko bado ni mzito, ongeza mawe.

Chungu kiwe cha udongo wa kufinyanga ukiweza, kwa sababu kuta zake zinapumua na kinakauka haraka. Cha plastiki au mkebe wa rangi pia kitafaa ukikitoboa matundu ya kutosha. Usiweke kisahani cha kudaka maji chini yake. Kama ni lazima kwa ajili ya jirani wa chini, kimwage kila baada ya kunywesha.

Kuhusu maji, wakati wa joto, yaani tuseme Septemba hadi Mei, mdagu unakunywa sana kuliko watu wanavyodhani. Huu si mmea wa kunyunyiziwa vijiko viwili. Unywesheni mpaka maji yatoke chini, kisha muuache ukauke kabisa ndipo mrudie. Kujua kama umekauka, chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke mpaka chini ya chungu, subiri kidogo, kichomoe. Kikitoka kikavu na safi, nywesha. Kikitoka na unyevu au udongo umeganda, subiri. Usiangalie juu, juu hudanganya. Visima vya mitaa mingi ya Nairobi vina maji yenye chumvi chumvi, hivyo maji ya mvua mkiyapata wekeni, na mara mojamoja mwageni maji mengi kuusafisha udongo.

Kuanzia wiki ya kwanza ya Juni, badilisheni. Mmea mkubwa wenye kitako kinene usiupe maji kabisa, isipokuwa ukiona kitako kinanywea, na hapo ni kikombe kimoja, asubuhi ya siku yenye jua, basi mpaka mwezi mwingine. Midogo iliyotokana na mbegu za mwaka huu haina akiba, hiyo ipewe kidogo kidogo na iwekwe ndani penye mwanga na joto, karibu na dirisha la jikoni kwa mfano. Mbolea simamisheni. Kukata matawi simamisheni. Kuhamisha chungu simamisheni. Majani yataanguka, yaacheni yaanguke.

Mtaniuliza: nitajuaje kama umelala au umekufa? Kibonyezeni kitako kwa kidole gumba. Kikiwa kigumu, uko salama, hata kama hauna jani hata moja. Kikiwa kimelegea, kuna mambo mawili, na ni lazima kuyatofautisha kwa sababu dawa ya moja ni sumu ya jingine. Wenye kiu hulegea sawasawa pande zote, ngozi ina mikunjo, udongo ni mkavu, na ukinyweshwa siku ya joto unajaa tena baada ya siku chache. Unaooza hulegea mahali pamoja, kidole kinazama, ngozi ya hapo imegeuka rangi, udongo mara nyingi bado una unyevu, na ukiinusa utasikia harufu ya uvundo. Huo usiuongezee tone.

Unaooza unaweza kupona ukiuwahi. Nitaeleza taratibu kwa sababu hii kazi inatisha mara ya kwanza. Ung'oe kwenye chungu, ondoa udongo wote, suuza mizizi. Vaa glavu. Chukua kisu kikali, ukipanguse kwa spiriti. Anza kukata pale penye ulaini, ukate vipande vyembamba, na kila ukikata tazama uso wa jeraha. Nyama nzuri ya mdagu ni nyeupe inayoelekea krimu, imekaza, utomvu unatoka. Nyama mbovu ni ya kahawia na ina majimaji. Mara nyingi utakata mpaka uone nyeupe yote, kisha katikati ubaki na kidoa kidogo cha kahawia kama ncha ya kalamu. Usikionee huruma. Kidoa hicho kikibaki, baada ya wiki mbili uozo wote umerudi. Panguza kisu tena, kata tena, hadi pasiwe na doa. Kisha pakaa unga wa salfa kutoka duka la pembejeo, weka mmea mahali pakavu, penye kivuli na hewa, bila udongo, kwa wiki moja au mbili mpaka jeraha likauke na kuwa gumu. Ndipo uupande katika mchanganyiko mkavu, na maji yasubiri wiki nyingine nzima, au zaidi kama baridi bado ipo. Nimeona mdagu uliokatwa theluthi mbili ya kitako chake ukichipua tena Oktoba. Ni mmea wenye moyo mgumu.

Nimetaja glavu, na hapa naomba wenye watoto mnisikilize vizuri. Utomvu wa mdagu ni sumu. Una kemikali zinazoshika moyo na kuvuruga mapigo yake, jamii moja na zile zilizo kwenye oleanda. Wawindaji katika sehemu nyingi za Afrika wamechemsha mizizi na mashina yake kupata sumu ya mishale, na Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi huko Tanzania wanajulikana kwa kuutumia hivyo. Kuwa nao nyumbani si hatari ukiheshimu mambo machache. Weka mbali na mtoto anayetambaa, na mbali na mbwa au mbuzi. Ukishakata, osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho au chakula. Kisu cha mdagu kisirudi jikoni. Mtoto akitafuna sehemu yoyote, usingoje aumwe tumbo wala usimtapishe kwa dawa za nyumbani. Mkimbize hospitali na ubebe kipande cha mmea uwaonyeshe madaktari. Na wale wanaoniuliza kila mara kama ni dawa ya hili na lile, jibu langu ni moja: usinywe, usimpe mtu.

Wadudu nitawapitia haraka. Wakati wa joto mtaona vidukari vya manjano kwenye machipukizi, na wadudu weupe wenye unga katika makwapa ya matawi. Maji ya sabuni na kitambaa vinatosha kama umewahi. Kiwavi mkubwa wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu yanayofanana na macho ni wa nondo wa oleanda, anaweza kumaliza majani ya mmea kwa siku mbili. Mwokote kwa mkono.

Kuna mama pale nyuma ameniandikia swali, nalisoma: "Wangu ni mnene, una majani mazuri ya kijani, lakini tangu niununue haujatoa ua. Nifanye nini?" Mama, asante. Majani mazuri sana bila ua mara nyingi yana sababu mbili. Ya kwanza ni jua halitoshi. Mdagu unataka saa sita za jua la moja kwa moja, ukipungukiwa unatoa majani marefu na matawi yanayonyoka kutafuta mwanga. Ya pili ni naitrojeni nyingi. Kama unaupa CAN, ile mbolea ya dukani yenye naitrojeni, au samadi mbichi, unaulisha majani. Mwezi wa Septemba, baridi ikiisha, mpe NPK, yaani mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasi, kidogo sana, au mbolea yenye potasi zaidi, iliyoyeyushwa kwenye maji mengi. Halafu, mama, kuna jambo watu wanaliogopa: ukate. Ua la mdagu linatoka kwenye ncha ya tawi jipya. Tawi moja refu lina ncha moja. Ukilikata mwishoni mwa Septemba kwa kisu safi, likatoa machipukizi matatu, una ncha tatu. Jeraha usililoanishe mpaka likauke. Kama mmea wako ulipandikizwa, yaani una kovu shingoni, chochote kinachochipua chini ya kovu kiondoe, maana hicho ni cha shina la chini na kitalidhoofisha tawi ulilolinunulia.

Na kila ukihamisha chungu, baada ya mwaka au miwili, uinue mmea kidogo juu zaidi ya ulivyokuwa, sentimita mbili hivi, ili mizizi minene ya juu ionekane. Ndivyo watu wanavyopata maumbo yale ya ajabu mnayoyaona kwenye picha. Hakuna siri nyingine.

Sasa mbegu, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mdagu uliotokana na kipande cha tawi utaota na utachanua, lakini kitako chake hakitavimba vizuri. Uliotokana na mbegu unavimba tangu utotoni. Na mbegu tunaweza kuzipata wenyewe, hapa hapa Nairobi, tukiwa na mimea miwili iliyochanua pamoja. Nyuki wetu wa mjini hawaiwezi kazi hii vizuri kwa sababu chavua imefichwa. Chukua ua, lichane upande mmoja wa koo lake kwa wembe. Ndani utaona vijiti vitano vimeinama vikakutana na kufanya paa lililochongoka, kila kimoja na mkia mrefu wenye manyoya unaotokeza nje. Chavua ya njano iko ndani ya paa hilo, upande wa juu. Penyeza kijiti cha meno, ikokote chavua. Kwenye ua la mmea wa pili, fungua hivyo hivyo, lakini sasa peleka ncha ya kijiti chini ya paa, si juu, kupitia mwanya ulio kati ya vijiti viwili. Hapo chini ndipo pa kupokelea, pana utelezi kidogo. Bandika chavua, toa kijiti. Fanya asubuhi, kwa maua yaliyofunguka siku hiyo au jana yake. Mengi yatakataa, msivunjike moyo.

Likikubali, baada ya wiki chache utaona tumba mbili za mbegu zikichomoza na kutanuka huku na huku kama pembe za ng'ombe. Zinachukua miezi miwili hadi mitatu kukomaa. Kabla hazijapasuka, zifunge kwa uzi au zivike kipande cha neti, kwa sababu kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili, na tumba likipasuka ukiwa kazini, upepo wa Mombasa Road utakuwa umezichukua zote ukirudi jioni.

Mbegu ilazwe, ifunikwe na mchanga mwembamba, iwekwe penye joto la nyuzi 27 hadi 30, unyevu kidogo kila siku. Ikiwa mpya na joto lipo, ndani ya wiki moja imechipua. Kule Pwani mche unaweza kutoa ua la kwanza baada ya mwaka mmoja au miwili. Huku kwetu baridi inachelewesha, tuvumilie.

Naweka mkazo kwenye mbegu kwa sababu nyingine inayonikera rohoni. Kwenye vitalu vya kando ya barabara huuzwa midagu mikubwa, mizee, yenye kitako cha kukumbatia, kwa bei ambayo haiwezi kulipa miaka iliyochukua kukua. Igeuzeni muitazame chini. Mizizi minene imekatwa kwa panga, mizizi midogo hakuna, ngozi ina makovu ya miamba. Huo ulichimbwa porini. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kutoa mimea katika mbuga za taifa bila kibali, na hata nje ya mbuga, kila mzee mmoja anayeng'olewa Taita au Kitui alikuwa akitoa mbegu kila mwaka kwa miongo mingi. Tena mingi ya hiyo haiponi, inaozea hapa Nairobi Julai ya kwanza. Msinunue. Muulizeni muuzaji ameutoa wapi, mbele ya wateja wengine, na asipojibu muende zenu. Nunueni miche midogo, yenye ngozi laini, iliyokuzwa na mtu mwenye mikono yenye udongo. Anayetaka aina za rangi rangi kutoka nje, zenye petali za tabaka mbili, aagize kwa njia halali, na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kikiwa mkononi kabla mzigo haujaondoka huko.

Vijana, wale mnaosoma mambo ya mimea, pale Museum Hill ipo Herbaria ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa. Ilianzia Amani, katika Tanzania ya leo, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Nendeni mkaulize, mkajionee jinsi mimea ya nchi hii inavyohifadhiwa na kuandikwa.

Mezani kwenye bahasha za karatasi kuna mbegu za mimea yangu, zimetoka kwenye tumba za Aprili. Kila mtu achukue tano. Tafadhalini msizipande wiki hii, hata kama mikono inawawasha. Andikeni tarehe ya leo juu ya bahasha, muihifadhi mahali pakavu, mbali na jikoni penye mvuke, mpaka wiki ya mwisho ya Septemba. Wenye midagu iliyolegea ambayo mmeileta kwenye mifuko, pangeni foleni upande wa dirisha, tutaibonyeza mmoja mmoja. Kisu na spiriti ninavyo.